Ulisoma ECA form six? Udaktari Marekani bado unawezekana, ila panga kemia kwanza

Nyumbani Tanzania habari ya udaktari inaamuliwa mapema sana. Ukipangiwa ECA (uchumi, biashara na uhasibu) au HGL (historia, jiografia na Kiingereza) form five basi Muhimbili imeisha hapohapo, hakuna mtu atakuja kukuuliza tena kama ulikuwa unataka kutibu watu. Kenya nako hivohivo, KCSE ikishasema imesema. Mi ni mtu wa ECA, nikaja huku Marekani nikasoma digrii ya fedha, na leo niko shule ya udaktari. Kila mwezi napata meseji za watu wanaoniuliza nilipitaje, na wengi wao ni wenzetu wanaofanya CNA, yaani usaidizi wa manesi, kwenye nyumba za wazee na mahospitalini, watu ambao wameshika wagonjwa kuliko hata baadhi ya wanafunzi wenzangu darasani. Naandika hii kwa ajili yao maana majibu ya WhatsApp ya mstari mmojammoja hayatoshi.

Huku udaktari hausomwi moja kwa moja kutoka sekondari. Unamaliza kwanza digrii ya kwanza, yoyote ile, hata ya muziki, halafu unaomba shule ya udaktari ya miaka minne, na baada ya hapo kuna mafunzo ya hospitali ya miaka mitatu mpaka saba kutegemea fani. Kinachotakiwa kabla ya kuomba ni masomo fulani ya sayansi yenye maabara, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari unaoitwa MCAT, na ushahidi kwamba unaijua kazi yenyewe. Mtu mwenye digrii bila sayansi anarudi chuo kusoma hayo masomo tu, na hiyo ndo inaitwa postibakalorea, kwa kifupi postibaki. Ziko za aina mbili kubwa, moja ni ya watu kama mimi tuliobadilisha njia kabisa, nyingine ni ya waliosoma sayansi ila alama zikawa mbaya na wanataka kuzipandisha. Usichanganye hizi mbili unapotafuta chuo, kwa sababu programu nyingi za aina ya kwanza hazimpokei mtu ambaye tayari kasoma sehemu kubwa ya hizo sayansi.

Programu rasmi zina majina makubwa. Ya Columbia pale New York ipo tangu 1955, kuna Bryn Mawr kule Pennsylvania, kuna Goucher kule Maryland, na hizi mbili za mwisho zinakubana masomo yote ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Ni nzuri, zina washauri, zina makubaliano na baadhi ya shule za udaktari ili ukifanya vizuri uingie bila kusubiri mwaka mzima. Lakini ada yake ni nzito na huwezi kufanya kazi ya maana ukiwa mle. Mwenye familia, mwenye kutuma hela nyumbani, mara nyingi atafanya kama nilivyofanya, unajisajili chuo cha serikali cha jimbo lako na kuchukua kozi mojamoja kwa mpango wako mwenyewe. Ni halali kabisa na shule za udaktari zinapokea watu wa hivo kila mwaka, ila hapo ndo mpango unakuwa kila kitu maana hakuna atakayekupangia.

Kabla sijaingia kwenye ratiba, kuna mambo mawili ya sisi wageni. La kwanza ni makaratasi. Shule nyingi za udaktari huku hazipokei mtu wa viza ya mwanafunzi, na zinazopokea ni chache na mara nyingi zinataka uonyeshe hela kabla. Mwenye green card anahesabiwa kama mkazi, hapo uko sawa. La pili ni digrii ya nyumbani. AMCAS, ambao ndo mfumo wa maombi wa shule nyingi za MD (digrii ya udaktari), hawahesabu alama za chuo cha nje kwenye GPA yako, na shule nyingi zinataka digrii ya Marekani au Kanada, nyingine zinaridhika na krediti 60 mpaka 90 za huku. Maana yake mtu mwenye B.Com ya Nairobi au ya Mzumbe asikimbilie postibaki ya kozi nane tisa akadhani imetosha, inawezekana njia yake ni kusoma digrii nyingine ya kwanza hapa Marekani akihamisha krediti zinazokubalika. Uliza shule unazozitaka kabla hujalipa hata senti. Halafu ujue Pell Grant, ule msaada wa ada wa serikali usiorudishwa, haipo kwa mtu ambaye tayari ana digrii ya kwanza, na hata ile ya nje inahesabika.

Sasa kemia. Watu wakikaa kupanga wanaanza na masomo wanayoyapenda, au wanaanza na baiolojia kwa sababu ndo inafanana na udaktari. Mpango wote wa postibaki umefungwa kwenye kemia kwa sababu kozi zake zinafuatana na huwezi kuruka. Kemia ya jumla ya kwanza, ya pili, kisha oganiki ya kwanza, oganiki ya pili, na baiokemia mwishoni, ingawa vyuo vingine vinakuruhusu kuingia baiokemia baada ya oganiki moja. Hiyo ni semesta nne au tano zikipangwa kwa mstari hata kama mengine yote umeshayamaliza. Baiolojia ni semesta mbili, fizikia ni mbili, na hizo unaweza kuzipachika pembeni popote. Takwimu, saikolojia, sosholojia zinaingia wakati wa kiangazi au hata kwa mtandao. Kemia haikusubiri, na vyuo vingi vidogo vinafundisha ya kwanza Agosti tu na ya pili Januari tu, kwa hiyo ukikosa Agosti umepoteza mwaka mzima.

Na kemia yenyewe ina mlango wake, nao ni hesabu. Vyuo vingi vinakupa mtihani wa kupima hesabu kabla ya kukuruhusu kujiandikisha kemia ya jumla, na mtu aliyeacha hesabu miaka kumi iliyopita anaweza kurudishwa aljebra semesta nzima. Kwa hiyo miezi ya Mei, Juni, Julai kabla ya kuanza, piga msuli wa hesabu, logarithimu hasa maana zitakurudia kwenye pH na kwenye kasi za mmenyuko, rudia na kubadili vizio bila kikokotoo. Sisi wa ECA tuna nafuu kidogo hapa, tumezoea namba, ila zile si namba za leja.

Nitoe mfano wa mtu anayefanya kazi na kuanza Agosti 2026. Semesta ya kwanza kemia ya jumla na baiolojia, Januari 2027 anaendelea na sehemu za pili za hizohizo. Kiangazi takwimu au saikolojia. Agosti 2027 oganiki na fizikia, Januari 2028 oganiki ya pili na fizikia ya pili, halafu Agosti 2028 baiokemia na sosholojia. MCAT anaukalia kati ya Januari na Aprili 2029. Maombi anatuma Juni 2029, usaili ni vuli mpaka mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na akikubaliwa anaanza darasa Agosti 2030. Ndiyo, miaka minne. Najua inauma kusoma hivo ukiwa na miaka thelathini na kitu, ila hiyo miaka minne itapita ukiwa kwenye shifti au ukiwa kwenye shifti na oganiki, na darasani kwangu kuna watu wenye watoto wa sekondari.

Sayansi mbili kwa semesta ndo kiasi ninachokitetea kwa mtu anayefanya kazi. Ukiangalia kwenye karatasi unaona krediti nane tu unasema mbona kidogo, lakini labu ya krediti moja inakula masaa matatu ya mchana, ongeza ripoti yake jioni, ongeza maswali ya kemia ambayo hayaishi, umeshamaliza wiki. Mi nilikuwa nabeba shifti za masaa kumi na mbili Ijumaa usiku na wikiendi na siku za katikati naziacha kwa darasa, na hata hapo Jumatatu ilikuwa ngumu. Mtu atakayekwambia chukua tatu pamoja na kazi ili umalize haraka hajakuelezea GPA inavyohesabiwa. AMCAS wanahesabu kila kozi uliyowahi kusoma huku tangu siku ya kwanza, na ukirudia kozi wanahesabu alama zote mbili, ile C haifutiki hata chuo chako kikiifuta. Piga hesabu uone, mtu ana digrii ya krediti 120 na GPA ya 3.0, akiongeza krediti 40 za A tupu anafika 3.25 tu. Jumla kuu inasogea taratibu sana. Wakati huohuo wastani wa wanaoingia shule za MD uko karibu na 3.8, na MCAT yao kama 511 au 512.

Lakini kuna GPA nyingine, ya sayansi peke yake, wanaihesabu kando kwa baiolojia, kemia, fizikia na hesabu. Mtu wa biashara anaanzia karibu sifuri hapo, ukurasa safi, na ndo maana kila A ya postibaki ina thamani kubwa. Nimesema karibu sifuri kwa sababu hesabu na takwimu ulizosoma kwenye digrii ya biashara zinaingia humo pia. Watu wengi hawalijui hili. Toa transkripti yako ya zamani uangalie zile kozi za takwimu za biashara zilikupa nini, maana tayari ni sehemu ya GPA yako ya sayansi.

Komyuniti koleji? Mi naona ni sawa kwa saikolojia, sosholojia, hata kemia ya jumla kama bajeti inabana, ila oganiki na baiokemia jitahidi ziwe za chuo cha miaka minne. Si shule zote zinajali, ila zinazojali zinajali kweli.

Tuje kwenye utafiti, maana hapa ndo naona watu wanateseka bure. Kuna hofu kwamba bila jina lako kwenye jarida huingii. Si kweli kwa MD ya kawaida. Anayetaka MD-PhD, yaani udaktari pamoja na PhD ya utafiti, ni habari nyingine, huyo anahitaji miaka ya maabara. Shule zenye majina ya utafiti zinategemea uwe umefanya kitu, shule zinazolenga madaktari wa familia na wa vijijini zinaangalia zaidi huduma kwa watu. Wote hawa wanachotaka kusikia kwenye usaili ni kama unaelewa swali lilikuwa nini, data ilitoka wapi, na ulipokwama ulifanya nini. Mtu aliyekaa mahali pamoja mwaka mmoja na nusu akielewa kazi yake anamshinda aliyepita kwenye maabara tatu akiosha chupa.

Muda wake je? Usianze semesta ya kwanza. Semesta ya kwanza kazi yako ni kujua kama unaweza kupata A kwenye kemia huku unafanya kazi, basi. Mi nashauri uanze kutafuta baada ya kemia ya pili na takwimu, kwa sababu hapo ukiingia kwenye mkutano wa maabara unaambulia kitu, na takwimu inakufanya uwe wa manufaa. Masaa matano sita kwa wiki yanatosha mwaka wa pili. Halafu ule mwaka wa kusubiri, kati ya Juni unapotuma maombi na Agosti ya mwaka unaofuata, ndo unaingia fulu, na kuna kazi za mshahara za uratibu wa utafiti hospitalini zinazopenda mtu wa hivo. Ila usisubiri mwaka huo ndo uanze, kwa sababu fomu ya maombi inajazwa Mei na msimamizi wako anatakiwa awe ameshakujua kiasi cha kuandika barua yenye maneno ya kweli.

Chagua aina ya utafiti kwa kuangalia shifti zako. Maabara ya seli inataka mtu anayepatikana mchana kwa masaa mfululizo, na zile seli ni kama kuku wa kisasa, zinataka kuhudumiwa Jumapili na Krismasi. Mtu mwenye usiku wa CNA na mtoto mdogo hataweza, na si kwa sababu hana akili. Utafiti wa kliniki wa kupitia mafaili ya wagonjwa, au utafiti wa afya ya jamii, data unaweza kuifanyia kazi saa nne usiku mtoto akilala, kwa utaratibu wa usalama wa hospitali lakini. Hapo ndo mtu wa uhasibu anang'aa. Ule uzoefu wa kukagua mistari elfu moja ya eksel na kuona ule mmoja usiokaa sawa, maprofesa wanautafuta kwa tochi.

Programu za kulipwa zipo ila soma masharti kabla hujaota. Zile za utafiti wa kiangazi zinazoitwa REU, za NSF ambao ni mfuko wa serikali wa sayansi, ni za mtu ambaye hajamaliza digrii ya kwanza, sisi hatumo. NIH, taasisi za serikali za utafiti wa afya pale Bethesda, wana nafasi za utafiti (si za kozi) wanazoziita postibaki pia, za mwaka mmoja mpaka miwili, nzuri mno, lakini wanataka mtu aliyemaliza digrii karibuni na awe raia au mwenye green card. Aliyemaliza miaka nane iliyopita asipoteze wikiendi yake hapo. Njia ya wengi wetu ni kuandika barua pepe. Andika fupi: wewe ni nani, umesoma makala gani yake na kitu gani hasa kilikugusa, unaweza kufanya nini sasa hivi, una masaa mangapi kwa wiki na utakaa muda gani. Hayo mawili ya mwisho ndo wanayatafuta na karibu kila mtu anayasahau. Wengi hawatajibu, andika tena baada ya wiki mbili, andika kwa wengine. Kabla hujagusa data ya mgonjwa yeyote utafanya mafunzo ya maadili ya mtandaoni na jina lako litaongezwa kwenye kibali cha kamati ya maadili, na hiyo inaweza kula wiki kadhaa, kwa hiyo mtu anayetaka kuanza Agosti aandike Mei.

Kilichonisaidia mimi ni lugha. Niko Kentucky, na huku, Lexington na Louisville zote, Kiswahili unakisikia mpaka kwenye foleni ya duka kwa sababu ya ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi, wengi wa Kivu, wengine walikaa Nyarugusu kule Kigoma tangu kambi ilipofunguliwa 1996, wengine Nakivale Uganda. Nilikuwa CNA na kila siku naitwa kusaidia mgonjwa asiyeelewana na nesi, ingawa ukalimani rasmi ni kazi ya mwenye mafunzo na hospitali inatakiwa kumtoa. Nikagundua kwenye mafaili mama wa Uvira ameandikwa lugha yake Kifaransa, kwa sababu tu ametoka Kongo. Mkalimani wa Kifaransa anapigiwa simu, mama anaitikia kwa adabu, anaondoka bila kujua dawa ya presha anakunywa mpaka lini. Nilipompelekea daktari mmoja wa kliniki swali hilo, kwamba je, hawa wanaokosa miadi ya presha lugha yao imeandikwa sawa kwenye faili, alinipa nafasi siku ileile. Kazi ikawa kupitia mafaili, kulinganisha lugha iliyoandikwa na aliyoomba mgonjwa mwenyewe, kuhesabu miadi. Ikatoka bango kwenye mkutano wa utafiti wa chuo na hakuna jarida. Kwenye kila usaili niliokwenda hilo ndo lilikuwa swali la kwanza, na niliweza kuliongelea nusu saa bila kukariri chochote maana nilikuwa nawajua wale kina mama.

Kwa hiyo ndugu yangu unayefanya CNA Dallas, Minneapolis, Lowell, popote, angalia kazini kwako kwanza kabla hujaenda kuomba maabara ya panya. Vidonda vya kulalia, wazee wanaoanguka usiku, mgonjwa anayerudi hospitali wiki moja baada ya kuruhusiwa, hayo yote ni maswali ya utafiti na wewe unayajua kwa mikono yako. Yale masaa ya CNA pia ni uzoefu wa kliniki wa daraja la juu, yaandike. Fomu ya AMCAS ina nafasi 15 za shughuli, kila moja herufi 700 na tatu tu zinaongezewa nafasi, na watu wetu wanaidharau kazi hii wanaiita kubeba boksi wanaiweka mwishoni. Iweke juu.

MCAT nisiurefushe. Ni mtihani wa siku nzima, sehemu nne, alama kutoka 472 mpaka 528, na tangu 2015 una baiokemia nyingi na saikolojia na sosholojia, ndo maana usiukalie kabla ya baiokemia. Sehemu ya ufahamu wa kusoma ndo inatupiga sana sisi tuliosoma kwa Kiswahili shule ya msingi, na haina desa, dawa yake ni kusoma makala ndefu za Kiingereza za falsafa na sanaa kila siku kuanzia mwaka wa kwanza wa postibaki, nusu saa tu. Ada ni zaidi ya dola 300, na kama kipato ni kidogo omba msaada wa ada wa AAMC, chama cha shule za udaktari kinachoendesha mtihani huo, kabla hujajiandikisha, maana ukishalipa hawarudishi.

Barua za mapendekezo zianze kufikiriwa siku ya kwanza ya kemia. Kwa kawaida wanataka maprofesa wawili wa sayansi, mmoja wa nje ya sayansi, na msimamizi wa utafiti ukiwa naye. Darasa la kemia lina watu mia mbili, profesa hakujui, kwa hiyo nenda ofisini kwake kwenye masaa yake na swali halisi, kila wiki, hata ukiwa na A. Kwetu kumfuata mwalimu ofisini ina maana una kesi. Huku ndo kazi yake, na anafurahi.

Dada mmoja Mkenya ameniuliza juzi, ana B.Com ya Nairobi, green card, CNA wa usiku, watoto wawili, aanzie wapi. Dada yangu, peleka vyeti vifanyiwe tathmini, kisha ukae na ofisi ya usajili ya chuo cha serikali hapo jimboni kwako uwaulize ukisoma digrii nyingine ya kwanza, ya baiolojia, utabakiwa na krediti ngapi za kusoma. Omba tarehe ya mtihani wa hesabu wiki hiyohiyo. Ongea na meneja wako kuhusu kuhamishia shifti wikiendi kuanzia Agosti, umwambie mapema kabla ratiba ya kiangazi haijatoka. Ukipata majibu ya ofisi ya usajili nitumie orodha yote ya kozi zako, tukae kwenye simu tuipange kemia kwanza semesta kwa semesta, utafiti tutaupangia mahali pake mwaka wa pili.